Jino Lisilo na Kosa

Shosho yangu ana kikopo cha ugoro ambacho hakina ugoro. Ndani yake kuna meno matatu. Yaling'olewa moja baada ya jingine kwa muda wa miezi kumi na minne, yote ya upande wa kulia, juu. Ukiyaangalia vizuri utaona kitu ambacho mimi nilikiona nikiwa nimechelewa: hayana hata shimo moja. Ni meno mazima ya mtu aliyekula mahindi ya kuchoma maisha yake yote.

Maumivu yalimwanza asubuhi moja akinawa uso. "Ni kama mtu ameniwekea waya ya stima hapa," alituambia, kidole kikiwa kimesimama karibu na shavu bila kuligusa, kwa sababu kuligusa hakuthubutu. Yalikuwa yanakuja, yanapiga kwa sekunde chache, yanaenda. Halafu yanarudi. Upepo wa dirisha la matatu uliyaleta. Kutafuna kuliyaleta. Kuna Jumapili ambayo kusema "amina" kuliyaleta, akabaki ameshika kiti cha mbele yake, machozi yanamtoka, na watu wakadhani ameguswa na mahubiri.

Shangazi alisema ni meno. Jirani alisema ni baridi. Mimi, niliyesoma mpaka chuo, nilisema ni mawazo mengi tu. Kemisti alimpa dawa za maumivu zile za kawaida, na stima haikuzijali.

Siku ya jino la tatu ndiyo mimi niliyomsindikiza. Daktari wa meno akamdunga sindano ya ganzi, na kabla hata hajashika koleo, Shosho akafungua macho akaniangalia. "Imenyamaza," akasema. Jino likatoka. Tukaketi kwenye benchi nje, na kwa karibu masaa mawili nikamwona yule nyanya niliyemjua zamani. Alishika shavu lake kwa kiganja kizima. Alimsengenya mhubiri. Nikamwambia, unaona sasa, kumbe ndilo lilikuwa jino lenyewe. Jioni ganzi ikaisha, na stima ikarudi.

"Mimi sikutaka mning'oe jino," aliniambia usiku huo. "Nilitaka ile sindano."

Tulicheka. Leo najua kwamba kati yetu sote, ni yeye peke yake aliyekuwa amesema jambo la kisayansi.

Baadaye tulikutana na afisa wa kliniki kijana, wale ambao sisi wote tunawaita daktari, na akamuuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza: "Shosho, ukipigwa na upepo usoni inakuwaje?" Alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema tatizo haliko kwenye jino, liko kwenye neva inayobeba hisia za uso, na akaandika dawa inayoitwa kabamazepini. Tulipofika nyumbani binamu yangu akasoma karatasi ya ndani ya pakiti kwa sauti. Ilisema: dawa ya kifafa.

"Mimi sina kifafa," Shosho akasema. "Na kwetu hakuna mtu mwenye kifafa."

Kama umelelewa kijijini unajua uzito wa sentensi hiyo. Kifafa ni neno linalovunja posa. Aliweka dawa kabatini kwa siku tisa. Alikuwa tayari kubaki na stima usoni kuliko kubeba jina hilo. Ndipo nikaanza kusoma, nipate la kumwambia. Kwa nini dawa ya kifafa itulize shavu? Na kwa nini sindano ya meno ilinyamazisha kitu ambacho hakikuwa cha meno? Insha hii ni yale niliyomweleza, pamoja na mengine ambayo hangekuwa na subira nayo.

*

Historia yenyewe inaanzia kwenye ulimi. Watu wa milima ya Andes, huko Peru na Bolivia, wametafuna majani ya koka kwa maelfu ya miaka, na midomo yao iliijua ganzi zamani sana. Mwaka 1860 mwanakemia Mjerumani, Albert Niemann, alitenga kiini cha majani hayo akiwa Göttingen, akakiita kokeini. Akakionja. Akaandika kwamba kinaacha ulimi umekufa ganzi. Halafu, kwa zaidi ya miaka 20, huo ulimi wa Niemann haukumsaidia mgonjwa yeyote wa upasuaji.

Fikiria upasuaji wa macho wa wakati ule. Etha na klorofomu zilikuwepo, lakini mgonjwa akizinduka akatapika angeweza kuharibu kazi yote iliyofanywa kwenye jicho. Kwa hiyo wengi walipasuliwa wakiwa macho kabisa, wameshikiliwa. Mjini Vienna kulikuwa na daktari mwenye umri wa miaka 26, Karl Koller, aliyetaka kuwa bingwa wa macho. Rafiki yake Sigmund Freud, ndiyo, Freud yule wa ndoto, alikuwa akiichunguza kokeini kwa mambo mengine. Koller alijua kwamba inatia ulimi ganzi, na siku moja wazo likamjia: kama ulimi, mbona isiwe jicho? Akaijaribu kwa chura, kwa sungura, kwa mbwa. Kisha yeye na mwenzake wakajitia matone machoni na kuyagusa macho yao kwa kichwa cha pini. Hawakusikia kitu.

Tarehe 15 Septemba 1884 ugunduzi huo ulitangazwa kwenye mkutano wa madaktari wa macho mjini Heidelberg. Koller mwenyewe hakuwepo. Hakuwa na nauli. Ilibidi daktari mwingine amsomee ripoti yake.

Habari zilienea haraka, na madhara yakafuata nyuma yake. Daktari wa upasuaji wa Marekani, William Halsted, aligundua kwamba ukidunga kokeini karibu na neva kubwa, sehemu yote inayohudumiwa na neva hiyo inakufa ganzi. Hiyo ndiyo hesabu ambayo daktari wa meno hutumia mpaka leo. Lakini Halsted na wenzake walijifanyia majaribio wenyewe, na kokeini ikamteka. Dunia ikaanza kutafuta ganzi isiyo na uraibu. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mjerumani Alfred Einhorn akatengeneza prokeini, iliyouzwa kwa jina Novocaine. Ilikuwa salama zaidi, ila ilichelewa kushika na haikudumu.

Jibu zuri zaidi lilitoka Sweden, na hapo tena ulimi ulihusika. Katika miaka ya 1930, mwanakemia Holger Erdtman wa Stockholm alikuwa akichunguza kemikali ya kwenye shayiri. Hakuwa anatafuta dawa yoyote. Alionja kitu alichokitengeneza maabara, na midomo yake ikafa ganzi. Mwanafunzi wake Nils Löfgren aliifuata njia hiyo kwa miaka, akitengeneza kemikali moja baada ya nyingine, mpaka mwaka 1943 alipopata lidokeini. Kijana Bengt Lundqvist ndiye aliyeijaribu, kwa kujidunga mwenyewe. Mwaka 1948 ikaanza kuuzwa kwa jina Xylocaine.

Ile sindano ya Shosho ilikuwa ya ukoo huu. Na angalia watu hawa: Niemann, Koller, Halsted, Erdtman, Lundqvist. Kila mmoja aliamini kwa sababu alisikia mwilini mwake. Hakuna aliyejua ganzi inafanyaje kazi. Walikuwa na ufunguo mkononi na hawakuwa wameona kufuli.

*

Kufuli lilionekana baharini.

Wavuvi wa pwani yetu wanamjua bunju, yule samaki anayejaa upepo kama mpira akikasirishwa, na wanajua kwamba haliwi ovyo. Nahodha James Cook hakujua. Mwezi Septemba 1774, akiwa New Caledonia katika bahari ya Pasifiki, aliletewa samaki wa aina hiyo. Yeye na wenzake wawili wakaonja kidogo tu maini na mayai. Usiku wa manane wakaamka miguu na mikono imekufa ganzi. Cook aliandika kwamba hakuweza kutofautisha kitu kizito na chepesi. Chungu kilichojaa maji na unyoya vilikuwa sawa mkononi mwake. Nguruwe aliyekula matumbo ya samaki huyo alikutwa amekufa asubuhi.

Sumu hiyo ilipewa jina la tetrodotoksini na Mjapani Yoshizumi Tawara mwaka 1909. Kuelewa inachofanya kulingoja ngisi.

Ngisi ana neva moja nene kuliko kawaida, nene kiasi kwamba unaweza kupenyeza waya mwembamba ndani yake na kupima umeme. Mwaka 1939, kwenye maabara ya pwani ya Plymouth, Waingereza Alan Hodgkin na Andrew Huxley walifanya hivyo. Wiki chache baadaye vita vikaanza na kazi ikasimama kwa miaka. Walirudi kwa ngisi wao vita vilipoisha, na mwaka 1952 wakachapisha maelezo yao. Huxley alipiga hesabu hizo kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono, kwa sababu kompyuta ya Cambridge ilikuwa imefungwa ikirekebishwa. Mwaka 1963 wakapewa Tuzo ya Nobel.

Walichokuta ni hiki. Nje ya neva kuna chumvi nyingi, yaani sodiamu, kuliko ndani. Ukuta wa neva una milango midogo sana. Mlango ukifunguka, sodiamu inamiminika ndani, umeme wa sehemu hiyo unageuka, na badiliko hilo linafungua mlango wa jirani. Umewahi kuona wimbi la mashabiki Kasarani? Hakuna anayetoka kwenye kiti chake, kila mtu anasimama na kuketi, lakini wimbi linazunguka uwanja mzima. Ujumbe wa maumivu unasafiri namna hiyo. Kisha kila mlango unajifunga wenyewe, unapumzika kidogo, unakuwa tayari tena. Yote hayo ndani ya sehemu ndogo ya sekunde.

Mwaka 1964 Mjapani Toshio Narahashi, akifanya kazi Marekani na wenzake, alionyesha kwamba sumu ya bunju inaziba milango hiyo hiyo ya sodiamu. Lidokeini nayo inaiziba, kwa upande wa ndani. Majani ya Andes, shayiri ya Sweden na samaki wa Cook: njia tatu ambazo hazikuwahi kukutana, zote zinafika kwenye mlango mmoja.

Nilipomweleza Shosho habari za stima na milango, alitikisa kichwa. "Si niliwaambia ni stima?" Kweli alituambia. Tulidhani anatumia lugha ya picha.

*

Sasa kifafa kinaingiaje? Katika karne ya 19 daktari Mfaransa Armand Trousseau aliangalia wagonjwa wenye maumivu ya uso kama ya Shosho, yanavyopasuka ghafla na kukatika ghafla, akasema yanafanana na kifafa. Hakuwa na maana kwamba ni wagonjwa wa kifafa. Alimaanisha tabia ni moja: umeme unaofyatuka bila kuitwa. Wazo hilo lilikaa kimya muda mrefu. Mwaka 1942, Mfaransa mwingine, Bergouignan, aliwapa wagonjwa wa aina hiyo fenitoini, ambayo ilikuwa dawa mpya ya kifafa, na baadhi wakapata nafuu.

Kabamazepini ilitengenezwa mwaka 1953 na Walter Schindler, mwanakemia wa kampuni ya Geigy huko Basel, Uswisi. Mwaka 1962 daktari wa Sweden, Sigfrid Blom, akaandika kwamba imewatuliza wagonjwa wake wa neva ya uso. Mwaka 1968 Marekani iliiruhusu, na kinyume na tulivyodhani nyumbani kwetu, kule iliruhusiwa kwanza kwa maumivu ya uso. Kifafa kilifuata baadaye. Laiti ningejua hilo siku ile karatasi iliposomwa.

Ujuzi wa inavyofanya kazi ulikuja miaka mingi baada ya wagonjwa kuanza kulala usingizi. Kwa wengi wenye ugonjwa huu, mshipa wa damu unaisugua neva ya uso karibu na mahali inapotokea kwenye ubongo. Ganda la neva linachakaa, kama waya ya chaja iliyokunjwa sana shingoni, na umeme unaanza kufyatuka wenyewe. Jino halina kosa. Neva ndiyo inayolitaja jina lake.

Lidokeini ya daktari wa meno inaziba milango yote ya pale ilipodungwa. Maumivu, mguso, joto, vyote kimya. Huwezi kuishi hivyo mwili mzima. Kabamazepini ina ujanja wake. Yenyewe hushika zaidi mlango uliotoka kufunguka na kujifunga, ikauchelewesha usirudi kazini haraka. Ni kama soja wa geti la estate: anayepita mara moja kwa siku hamsumbui, lakini anayeingia na kutoka mara mia kwa saa moja atamsimamisha. Neva iliyotulia inaendelea na kazi zake. Neva iliyopandwa na wazimu ndiyo inayozuiwa. Ndiyo maana kidonge kimoja kinaweza kumsaidia mwenye kifafa na mwenye shavu la stima, bila hao wawili kuwa na ugonjwa mmoja.

Si dawa ya mchezo, bana. Inaleta kizunguzungu na usingizi. Inaweza kushusha sodiamu ya kwenye damu. Inagombana na dawa nyingine nyingi. Kwa watu wachache inaleta vipele vinavyoweza kuua, na upele wowote ni wa kukimbizwa hospitali. Tena haifai kila maumivu ya neva. Mtu wa kisukari ambaye nyayo zinamuungua usiku kwa kawaida huanzishiwa dawa nyingine, na mwenye maumivu yaliyobaki baada ya mkanda wa jeshi anaweza kupewa plasta yenye lidokeini. Usisome insha hii kisha ukaelekea kemisti.

*

Kwa nini kizunguzungu? Kwa sababu binadamu ana aina 9 za milango ya sodiamu, na dawa hizi za zamani haziwezi kuzitofautisha vizuri. Nyingine ziko ubongoni, moja inatawala kwenye moyo. Aina tatu, zile zinazoitwa 1.7, 1.8 na 1.9, ziko zaidi kwenye neva za pembezoni zinazobeba maumivu. Je, zikizibwa hizo peke yake?

Dokezo lilitoka kwa mvulana wa kaskazini mwa Pakistan. Alikuwa mcheza maonyesho wa barabarani: alijichoma visu mikononi, akatembea juu ya makaa ya moto, watu wakamtupia pesa. Hakuwa jasiri. Hakuwa na maumivu kabisa, tangu kuzaliwa. Alikufa akiwa bado mdogo, baada ya kuruka kutoka juu ya paa la nyumba. Wanasayansi walichunguza familia tatu za kaskazini mwa Pakistan zenye watu wa hali hiyo, na mwaka 2006 wakatangaza kwamba mlango wao wa 1.7 haufanyi kazi. Miaka miwili kabla, watafiti wa China walikuwa wamekuta kinyume chake: familia ambayo mlango huo huo una hitilafu nyingine, na miguu yao inaungua kama moto.

Kampuni kubwa zikakimbilia 1.7. Dawa nyingi ziliishia kwenye majaribio. Mlango wa 1.8 ndio uliotoa kitu: tarehe 30 Januari 2025 Marekani iliruhusu suzetrijini, inayouzwa kwa jina Journavx, kwa maumivu makali ya muda mfupi, kama yale ya baada ya upasuaji. Si jamii ya mofini, na ndiyo sababu watu waliishangilia. Kwa neva zilizoharibiwa na kisukari bado inajaribiwa. Kwa maumivu ya neva yanayotoka mgongoni kushuka mguuni, jaribio lililotangazwa mwaka 2024 halikuizidi kwa maana kidonge kisicho na dawa. Bei yake ilipotoka ilikuwa dola 15.50 kwa kidonge kimoja, karibu shilingi 2,000 zetu.

Nilimtajia Shosho bei hiyo. Aliuliza kama kidonge kinakuja na mbuzi.

*

Siku ya kumi alikubali. Nadhani si kwa sababu ya Hodgkin na Huxley. Nilimwambia tu kwamba Wazungu walipoiruhusu Marekani waliiita dawa ya uso kwanza, na kwamba kifafa kiliazima baadaye. Akafikiria. "Basi ni yetu," akasema, na akaimeza na chai.

Wiki ya kwanza alitembea kama mtu aliyetoka kwenye mashua. Dozi ikapunguzwa, ikapandishwa polepole, akapimwa damu. Wiki ya tatu alinawa uso mbele yetu, taratibu, akitungoja tuone. Stima bado humtembelea, hasa Julai baridi ikizidi. Lakini anatafuna, na anasema "amina" ya nguvu.

Nimemwomba msamaha kwa lile neno langu la "mawazo mengi". Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, nasi tulikuwa tumesimama kando ya kitanda chake tukibishana kama kunguni wapo. Watu wa historia hii walijitia sumu machoni na kwenye ngozi ili waamini. Sisi tulihitaji kumsikiliza tu mpaka mwisho wa sentensi.

Kile kikopo amekataa kukitupa. Mama mmoja wa chama chake akianza kulalamika upande mmoja wa uso, Shosho humwita pembeni, anafungua kifuniko, anamwonyesha meno matatu mazima. Kisha anamuuliza: "Ukipigwa na upepo, inakuwaje?"